Gari Lililofika Kimya

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, tumefanya kazi gereji moja hadi wiki iliyopita, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nanyi mnivumilie sauti ikikatika.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Masizi, alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkewe. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, na mwaka uliofuata aliingia gereji kujifunza ufundi, akabaki humo humo hadi mwisho.

Kazi iliyompa jina ni magari ya zamani, hasa yale yanayovujisha moshi pale mabomba ya ekzosi yanapoungana na injini, maana wengine walikimbilia kupaka gundi, yeye alifungua yote, akasugua masizi hadi chuma king'ae, akaweka gasketi mpya ya kuziba mwanya, akakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, akawasha injini, akaiacha ipoe, ndipo akakaza tena, na mwenye gari akilalamika anamwambia haraka haraka haina baraka, aende kwanza akanywe chai.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu aliyekaa mbele yenu, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka huohuo akanunua gari lake kuukuu, likiwa linavuja, na likaendelea kuvuja, kwani mganga hajigangi. Mlio wa moshi huo ukivuja, ta-ta-ta, ulisikika tangu kona ya duka la mkate, na shemeji akiusikia anaacha alichoshika, anakwenda kufungua geti, huku akimsema kwamba fundi mzima anawatia aibu mtaani.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, madaktari walimkuta na moyo uliotanuka, wakamkataza kazi nzito, akapunguza kidogo, akatutania kwamba yeye naye ameanza kuvuja. Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, alilifungua gari lake, akalitengeneza kama alivyotengeneza ya watu, akaniambia, "Leo mama watoto hatanisema." Gari lilifika getini kimya, shemeji alikuwa jikoni akimsubiri kwa masikio, na alipotoka kutazama mbona amechelewa, alimkuta ndani ya gari, injini ameizima, mwenyewe ameshatutoka.

Shemeji, tangu siku ile unasema ni mdomo wako uliomuua. Daktari amesema moyo ulisimama ghafla, hata ungekuwa umemshika mkono usingeweza kitu, na mimi naongeza kwamba alitoka gereji akipiga mluzi, nilimwona kwa macho yangu. Usijitwike mzigo usio wako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomsaidia shemeji kumtoa garini, na mafundi wenzetu waliofunga gereji tangu Ijumaa. Gari lake ndilo litakaloongoza msafara, na asubuhi ya leo nimelegeza bolti mbili za ekzosi, angekuwepo angenifokea, lakini nataka shemeji amsikie akiondoka.

Pumzika kwa amani, kaka, geti tumelifungua.