Waya wa Katikati

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kinyozi, na wenyewe ni walewale: Kinyozi, Dalali wa nyumba, mimi, na fundi saa tunayemwita Kimya kwa sababu hasemi. Kahawa anatuletea mchuuzi Birika, ambaye haandiki popote. Anakumbuka kichwani nani anaweka sukari na nani haweki. Jana asubuhi mpwa wake, binti anayechora saketi za kumbukumbu za kompyuta, alikuja na uso wa msiba. Mchoro wake wa miezi minane unatakiwa kiwandani saa sita, na una kelele.

— Mbona mimi sisikii kitu? akauliza Dalali, sikio juu ya karatasi.

Binti akatueleza kwa subira. Si kelele za masikio. Nyaya mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Umeme ukiruka kwenye mmoja, jirani anashtuka, na sifuri iliyohifadhiwa inasomeka moja.

— Umbea huo, akasema Kinyozi. Zihamishe mtaa.

— Hakuna nafasi, akajibu binti. Pamebaki upana wa waya mmoja tu.

— Zifunge pamba, akasema Dalali.

— Pamba inashika moto, akajibu Kinyozi. Zipe zamu. Huu useme asubuhi, ule jioni.

— Kompyuta ifanye kazi nusu siku? Bora aziozeshe. Zikishaoana hazitasemeshana tena.

Kinyozi na Dalali walikuwa wamebanana bega kwa bega, kila mmoja akimfokea mwenzake huku akiagiza kahawa. Birika akaleta vikombe. Wote wawili wakatema: sukari ya Kinyozi imekwenda kwa Dalali, ambaye daktari amemkataza.

— Mnaingiliana kichwani mwangu, akalalamika Birika.

Akamnyanyua Kimya kutoka mwisho wa benchi, akamkalisha kati yao. Wakaagiza upya. Kila kikombe kikafika kwa mwenyewe.

Binti akamkodolea macho Kimya.

— Waya wa katikati, akasema taratibu. Uliotulia, uliofungwa ardhini, usiosema chochote. Kelele zote zinaishia kwake.

Akauchora palepale, juu ya goti lake. Furaha ilitupanda, Kinyozi alicheza na mkasi mkononi, na Dalali alimpongeza kila aliyepita njia, hadi mama mmoja mgeni akasimama kutazama. Alimwangalia Kimya, na kikombe alichoshika.

— Na huyu baba, kahawa yake ni ya sukari au bila?

Dalali akamtazama Kinyozi, Kinyozi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Birika anayekumbuka yote. Birika akainama kutazama birika lake. Miaka sita tumekuwa tukimpa kinachobaki.

Kimya akakohoa kidogo, akasafisha koo, na kwa mara ya kwanza benchi zima likanyamaza kumsikiliza.