Kuku Bila Imondo

Tulipanda bodaboda watatu kutoka Khayega, mimi katikati, kwa hivyo mabishano yao yote yalipitia masikioni mwangu. Mbele yangu kijana alikumbatia laptopu. Nyuma yangu mama alikuwa akiwapelekea wakwe kuku aliyepikwa, na hotipoti yake ilikaa kwenye tangi, mbele ya mwendesha boda.

“Programu imekamilika, mama, lakini inakataa kuanza,” kijana alisema. “Eti laibrari moja haiko, kipande kidogo tu cha kazi ya mtu mwingine. Na leo naionyesha kwa bosi!”

“Hata imondo ni kidogo,” mama akajibu. “Mkwe akikosa hiyo firigisi kwa sahani, anasemanga hajapewa kuku. Si uazime kwa jirani?”

“Niliazima. Ikasema hiyo ni ya zamani.”

“Iko na haki! Nani anakulanga imondo ya kuku mwingine?”

“Mama, hii ni mashine, si mkwe!”

“Inakataa chakula kizima juu ya kipande kimoja. Huyo ni mkwe.”

Boda iliposimama mjini, mama alifunua hotipoti, akakoroga mchuzi, akakoroga tena. “Imondo yangu iko wapi?”

Sote tukamgeukia mwendesha boda, ambaye tangu Khayega nilidhani anatafuna chingamu. Akameza.