Mlima Ambao Arvid Kallioinen Aliukataa

Mpendwa wetu Arvid Johannes Kallioinen alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 hapa Hancock, Michigan, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Eino, mchimba shaba, na Mama Saima. Wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Alisoma hapahapa mjini, kisha akasomea upimaji wa ardhi ng'ambo ya mfereji, Houghton, akahitimu mwaka 1956. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mwalimu mmoja alimrudisha nyumbani kwa kuwa mtoto huyo alidai kwamba ramani ya ukutani imekosea. Kesho yake alirudi na baba yake, nao wakaendelea kubisha wakiwa wawili.

Aliajiriwa serikalini, na Novemba 1961 akapelekwa Antaktika kuongoza kikosi kidogo cha wapimaji. Dereva wa trekta lao la theluji alikuwa Leland Purcell, kijana mcheshi wa Arkansas. Siku moja Leland alisimamisha trekta ghafla.

"Bosi, kule kuna mlima."

"Wingu hilo. Endesha."

"Wingu gani halijasogea tangu tunywe kahawa? Siendi popote mpaka uangalie."

Arvid aliweka darubini ya kupimia, akatazama, akatoa daftari. Ulikuwa mlima mweusi, mkubwa, ambao haukuwemo katika ramani yoyote. Waliupima mpaka wakamaliza. Wakiwa njiani kurudi kambini, theluji ilibomoka chini ya trekta, Leland, aliyekuwa peke yake ndani, akatumbukia nalo kwenye ufa wa barafu. Mwili wake haukupatikana.

Arvid aliomba mlima ule uitwe Purcell. Kamati ya serikali ya majina ya mahali ilikataa: tayari kulikuwa na Mlima Purcell mwingine hukohuko, wa mtu mwingine kabisa. Akaomba uitwe Leland. Wakamwambia jina la kwanza halikubaliki. Ramani ilipochapishwa, mlima uliitwa Kallioinen, kwa heshima ya kiongozi wa kikosi.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Helmi Räisänen. Badala ya fungate walikwenda Arkansas kumwona mama yake Leland. Bibi yule aliwapikia, akapangusa meza, akaitandaza ramani waliyomletea.

"Wa mwanangu ni upi?"

"Huu hapa, mama."

"Mbona umeandikwa jina lako?"

Arvid alimweleza kanuni zote, moja baada ya nyingine. Mama aliikunja ramani taratibu, akamrudishia. "Chukua, baba. Ni mali yako hii."

Mama Helmi anasema safari nzima ya kurudi mumewe aliipakata ramani ile. Walijaliwa watoto wawili: Eila, na wa kiume ambaye Arvid alimwita Leland bila kuomba ruhusa ya kamati yoyote.

Tangu safari ile aliwapigia simu watu wa kamati bila kuchoka. Makarani walibadilika, majibu hayakubadilika.

"Mzee, wenzako wanaililia milima hawaipati. Wewe umepewa, unalalamika?"

"Kijana, si wangu! Mimi nilisema ni wingu!"

Mwaka 1997 picha za setilaiti zilionyesha kuwa ule Mlima Purcell wa kwanza haupo. Mahali pake ni barafu tupu. Aliyeuchora zamani alikosea. Arvid alicheka mpaka akakohoa, akakimbilia simu. Wakamjibu kwamba jina Kallioinen limeshazoeleka, si vizuri kuwachanganya watu.

"Watu gani?" alifoka. "Kule kuna watu gani?"

Mama Helmi alimnyang'anya simu, akaikata, akamkalisha chini. Mama yake Leland alikuwa ameshafariki, bila kuliona jina la mwanawe popote.

Mwaka 2009 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa hapa nyumbani na hospitalini mjini Marquette. Wiki yake ya mwisho aliomba apigiwe tena ile namba ya kamati. Alisubiri simu ikiwa sikioni, akisikiliza muziki wao wa kusubirisha wapigaji, mpaka akapitiwa na usingizi. Alifariki Ijumaa, tarehe 4 Novemba 2011, akiwa na miaka sabini na saba.

Ameacha mjane, Helmi. Watoto, Eila na Leland. Wajukuu watano, na dada yake Lempi.

Baba, Mungu akupumzishe. Jumatatu ofisi zikifunguliwa, sisi tutapiga tena.