Pongezi za Protini Iliyokosekana

Pasipoti alikuwa amesimama juu ya benchi, kikombe mkononi, akiwatangazia watu kwamba dada yake amepona, dada mwenyewe alipotokea nyuma yake na kumwambia ashuke. Kahawa ya pongezi ilikuwa imeshamiminwa. Benchi lile liko ubavuni mwa kibanda cha kunyolea, na wenyewe ni watatu: Kinyozi, anayenyoa akikumbuka, Spana, fundi baiskeli, na Pasipoti, aliyezunguka nchi za watu akipika kwenye kambi za ujenzi, akarudi na kitambi na maneno.

— Nani kakwambia nimepona? dada aliuliza.

— Si wewe uliyenipigia simu? Ukasema maabara wametafuta kwenye uvimbe, hawakuiona.

— Hawakuiona protini. Na ilitakiwa iwepo.

Pasipoti akashuka taratibu, kama mtu anayeshuka mti wa watu.

— Ngoja kwanza, dada, alisema Spana. Kitu hakipo, halafu kutokuwepo ndiyo balaa?

— Vinasaba vinaharibika kila siku, na mwilini kuna protini zinazovikarabati; zikikosekana, uvimbe huota. Sasa wamekata kipande chembamba cha uvimbe wakakitia kingamwili. Kazi yake ni kuitafuta protini moja tu kati ya hizo na kuing'ang'ania. Ikiipata, wakitia rangi panakuwa kahawia. Kwangu, kwenye uvimbe, hakuna kahawia.

— Hiyo kingamwili imechacha, alisema Kinyozi. Hata dawa yangu ya nywele ikilala juani haishiki.

— Seli zenye afya za pembeni, kipande hichohicho, zimekuwa kahawia. Dawa inashika.

— Basi protini imejificha, alisema Spana. Fundi yeyote akisikia anatafutwa na maabara, anatokea mlango wa nyuma. Mimi mwenyewe ningetoka.

— Haijajificha, imehama, alidakia Pasipoti. Kule kambini, fundi akikosekana zamu mbili, jua kapata kazi penye mshahara mnono. Hiyo iko kwa tajiri, inamkarabati yeye.

Spana alicheka hadi kahawa ikampalia. Dada hakucheka. Pasipoti aliliona hilo, akajitia kukoroga kikombe kisicho na sukari. Alijua dada anachokifikiria: mama yao alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, na mjomba vilevile, na wote hawakufika umri alio nao dada sasa.

— Damu yangu nayo wameipima, dada alisema. Kasoro nimezaliwa nayo. Daktari anataka ndugu wa tumbo moja nao wapimwe.



— Mimi mzima, alisema Pasipoti. Nakula sahani mbili.

— Nami nilikuwa nakula. Ukikutwa nayo, watakuchungulia utumbo mara kwa mara, kitu kikianza wakitoe kingali kidogo. Mimi uvimbe wangu umeonekana ukiwa mkubwa.

— Nitakwenda wiki ijayo.

— Kwa nini si leo? dada aliuliza.

Pasipoti akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Spana, Spana akatazama tairi.

— Dada, mimi nimepita viwanja vya ndege chungu nzima, alisema Pasipoti, sauti imepungua. Wamenipitisha kwenye mitambo yao yote, hakuna aliyekuta kitu.

— Walikuwa wanatafuta visu. Inuka twende.