Osea Haonga, Aliyeanza Kuitwa Baba Akiwa na Mvi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, marehemu Osea Haonga alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, akaweka mikono mapajani, kisha akainuka bila kushika ukuta. Akifanikiwa alisema, "Bado nipo," akaenda zake shambani. Mkewe alidhani ni mazoezi ya mgongo. Haikuwa hivyo. Marehemu alikuwa amejiapiza kumlea binti yake kwa nguvu zake mwenyewe mpaka akue, asiwaachie ndugu kazi hiyo, na kigoda kile ndicho kilichomwambia kila siku kama bado anaweza.

Alizaliwa hapa Igamba, wilayani Mbozi, tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Yeremia Haonga. Alisoma hadi darasa la nne. Hesabu alizipenda, ila ng'ombe wa baba yake hawakuwa na mchungaji mwingine. Akiwa kijana alibeba mataruma wakati reli inajengwa kupita Tunduma, baadaye akabeba mizigo ya watu pale mpakani, hadi mwaka 1983 aliporudi nyumbani kulima kahawa na mahindi.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Ruti Kibona wa Mbebe, Ileje. Walikaa miaka ishirini na mitatu bila mtoto. Wazee wa ukoo walimwita wakamshauri aoe mke mwingine. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akala ugali wao, akashukuru, akarudi kwa Ruti. Jambo hilo halikuzungumzwa tena, angalau si mbele yake.

Tupokigwe alizaliwa tarehe 2 Mei 2009, marehemu akiwa na miaka hamsini na minane. Rafiki yake Deus, ambaye tayari alikuwa na wajukuu, alikuja kumpongeza kwa utani wao wa siku zote.

"Osea, nyumba hii sasa ina vibogoyo wawili. Ila mwenzio yake yataota."

"Yakiota atanitafunia mahindi," marehemu akamjibu.

Huko kliniki nako muuguzi alimwambia, "Babu na bibi, mwambieni mama wa mtoto aje mwenyewe."

"Mama wa mtoto ni huyu unayemwita bibi, na baba ndiye mimi. Tulichelewa njiani tu, mwanangu."

Ruti husema muuguzi alicheka mpaka mtoto akaamka.

Lakini haikuwa vichekesho tu. Wenzake wa rika lake walikuwa wanawatuma-tuma watoto wakubwa, wao wamekaa kivulini. Yeye ndio kwanza anapandisha mlima wa zahanati na mtoto mgongoni, akipumzika kila kona kwa sababu ya magoti. Mkutano wa kwanza wa wazazi shuleni alibaki nje ya uzio. Aliwasikia watoto wakiulizana yule babu ni wa nani, naye hakutaka bintiye achekwe. Tupokigwe akatoka akamwambia, "Baba, mwalimu anaita wazazi." Akaingia. Tangu hapo hakukosa mkutano, na alikaa mbele.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo kutanuka, akatibiwa Vwawa na baadaye Mbeya. Tupokigwe aliacha shule akiwa kidato cha kwanza ili ashike shamba pamoja na mama yake. Marehemu hakulipenda jambo hilo. Alinuna siku kadhaa, kisha akamwita bintiye kwenye mibuni, akampa mkasi wa kupogolea. "Kama huendi darasani, darasa ni hapa. Na mimi si mwalimu mpole." Msimu uliopita kahawa yote ilipogolewa na binti huyo. Marehemu alipita mstari kwa mstari akitafuta kosa, asilione.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, nyuma ya nyumba yake, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Ameacha mjane, Ruti. Binti mmoja, Tupokigwe. Dada yake, Marita. Na wapwa wengi. Mungu ampe makao mahali pasipo mlima, maana magoti yale yamefanya kazi ya kutosha.

Familia imependa asubuhi hiyo nayo isemwe. Marehemu alikaa kwenye kigoda kama kawaida. Safari hii alinyoosha mkono, akashika bega la bintiye, ndipo akainuka.

"Leo nimeshika," alisema.

"Shika tu, baba. Uji unapoa."

Alimtazama kidogo, kama alivyoitazama ile mibuni. "Acha upoe. Nageuza kahawa, nakuja."

Yale maneno yake ya kila siku hakuyasema. Alivaa kofia, akatoka, na uji wake ukafunikwa kwa sahani.