Viatu vya Brashi Vimebaki Bujumbura

Kijiwe cha Jeremia muuza kahawa kiko Ujiji, kwenye kona ya fundi cherehani, na benchi lake lina sheria moja tu: anayesafiri husafiri na vitu vya wenzake. Mwenye begi hutoa begi, mwenye koti hutoa koti. Msafiri akirudi huketishwa katikati, hununuliwa kahawa, kisha husimulia mpaka kila mtu ajue koti lake limefika wapi. Ndiyo maana asubuhi hiyo ya kiangazi Bonaventura, anayeitwa Stepu tangu enzi zake za dansi, alikaa katikati akitamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi jana kutoka Bujumbura. Begi la Elikana lilirudi. Koti la Jeremia lilirudi. Lakini miguuni Stepu alikuwa na ndala, na viatu vyeusi vya Pastory havikuonekana. Pastory ndiye Brashi, na jina hilo alilipata kwa kuving'arisha viatu hivyo kila Jumamosi, avivae asivivae.

— Haya Stepu, mwaga mambo, alianza Elikana. Huyu wanamwita Redio. Habari asiyoijua huitunga. — Jonathan na Frida walikupokea?

— Walinipokea, jamani! Jonathan kanikumbatia pale stendi mpaka kofia ikadondoka. Frida kapika samaki wetu wa migebuka na kisamvu, ile sombe, kama vile hawajawahi kuhama Rusimbi.

Kijiwe kizima kiliwakumbuka. Wakati wa vita kwao Burundi, Jonathan na mkewe Frida walikimbilia Kigoma, wakaishi Rusimbi ukuta mmoja na Bonaventura na mkewe Melania, hadi amani iliporudi nao wakarudi kwao.

— Na hiyo dansi uliyoiendea? aliuliza Jeremia akimimina kahawa.

— Wiki nzima, bwana! Wazee wa rumba watupu. Wametoka Uvira, wametoka Bukavu, Kigoma mwakilishi ni mimi. Asubuhi mazoezi, mchana usingizi, jioni ukumbini kando ya ziwa. Tangu nimzike Melania sijacheka vile. Nawashukuru wale watu, nashindwa hata kusema.

Alivua kofia akajifuta nayo macho. Redio akatazama pembeni kwa adabu. Brashi hakutazama pembeni.

— Na viatu vyangu, vilifurahi?

Bonaventura alikohoa. Kabla hajamaliza kukohoa, Redio alikuwa hewani.

— Brashi, tulia, mimi nimeshaelewa. Vimekamatwa mpakani. Soli ya ngozi ile! Siku hizi ngozi ni maliasili, lazima iwe na kibali.

— Kibali cha soli? Jeremia aliguna. — Acha uongo. Huyu kaoa. Kuna mama wa Kirundi kamficha viatu asiondoke, yeye katoroka na ndala.

— Yewe, kumbe! Redio alidakia. — Basi ni mahari hiyo. Brashi, wewe umeoa bila kujua.

— Na mke ni wa nani sasa, wa Stepu au wa Brashi?

— Hiyo kesi inasikilizwa Arusha, kwenye Jumuiya, alisema Redio bila hata kupepesa macho. — Labda sasa hivi viko makumbusho. Sisi hapa Ujiji tunawawekea makumbusho wazungu waliopita, wao wameweka viatu vya Brashi. Watoto wa shule wanapanga foleni.

Hata fundi cherehani alisimamisha mashine acheke. Brashi pekee hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Bonaventura. Viatu vile Brashi hakuwahi kumwazima mtu. Alipokuja kumpa alikuwa amevifunga kwenye kipande cha kitenge, hakuombwa, akasema tu, "Nenda kacheze, umelia vya kutosha." Rafiki wa namna hiyo utampata wapi tena uzeeni?

— Sikilizeni, alisema Bonaventura. — Anavyo Frida. Mnakumbuka alipohama Rusimbi, Melania alimzuilia kinu? Alimwambia kinu kibaki, ili siku moja arudi. Frida akaja kweli, kwenye msiba wa Melania. Nikamwambia chukua kinu chako. Akakataa, akasema kikae, ana safari nyingine. Sasa juzi naaga, naona kaviosha viatu, kaviweka juu ya kabati. Ananiambia huku analia, "Melania alizuia changu, na mimi nazuia chako."

— Changu, alisema Brashi.

— Ndiyo. Chako.

— Hukumwambia vya kuazima?

— Niliona haya, Pastory. Wiki nzima watu wananisifia. Koti si langu, begi si langu, ningemwambia na viatu si vyangu? Nisamehe, ndugu yangu. Nitapanda tena gari la Manyovu, kule mpakani, nivifuate.

Brashi aliweka kikombe chini polepole.

Hapo ndipo Agnesi alipofika, mwalimu aliyehamishiwa juzi kutoka Singida, ambaye hunywa kahawa yake amesimama kisha huwahi shuleni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Jeremia hakuweza kujizuia. Alimsimulia yote, na foleni ya makumbusho akaijumlisha. Agnesi alimgeukia Brashi kwa heshima.

— Pole sana, mzee wangu. Ulikuwa unavitunza kwa ajili ya siku gani?

Brashi alifungua mdomo.

— Nilikuwa navitunza kwa ajili ya... Brashi alimtazama Jeremia. Jeremia alitazama birika. Redio, mtu aliyekuwa na majibu ya nchi tatu, alijikuna kidevu. Lori la dagaa lilipita. Mwalimu alimaliza kahawa, akaaga, akaenda zake.

Brashi alisukuma kikombe pembeni.

— Huo ukumbi, alisema mwishowe, — hata mwenye magoti mabovu wanamruhusu?

— Magoti mazima pale hakuna! Bonaventura alijibu haraka. — Wanarudia mwezi wa nane.

— Na nitavuka mpaka na nini miguuni?

Bonaventura alivua ndala, akazisukuma kwa mguu hadi kwa mwenzake.

— Vaa hizi. Ni za Jonathan, zinatakiwa kwao.

Brashi alizivaa, akasimama, akaenda hatua mbili huku na mbili kule. Ya mwisho aliimalizia kwa kukata kiuno, na kijiwe kikapiga kelele.

— Zinabana kidogo, alisema. Lakini hakuzivua.

Bonaventura alirudi Rusimbi pekupeku, mawe yakimchoma, huku akimshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani anamsikia.