Bwana Kopo, kwa Kinywa cha Kurwa Wake

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na nyote mliofika kumsindikiza mpendwa wetu: poleni, na ahsanteni kwa miguu yenu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu kwa sababu mimi ndiye niliyemjua muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyesimama hapa. Maandishi mliyoshika mkononi yamepunguzwa na wifi yangu, mke wa marehemu. Mkisikia nasoma msichokiona, msihangaike kutafuta mstari. Kunjeni karatasi mnisikilize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa pili wa fundi rangi na mkewe mshonaji. Mtoto wa kwanza alikuwa ametangulia kidogo tu, chumba hicho hicho, kitanda hicho hicho. Huyo ni mimi. Nilipotoka, mkunga alisema, "Msichana." Alipotoka yeye, mkunga akapiga kelele, "Ee! Na mvulana juu yake!" na nyumba nzima ikamkimbilia yeye. Mama alikuwa akisimulia kisa hicho huku akicheka mpaka anajishika mbavu. Mimi hadi leo sijaona kinachochekesha. Tukaitwa Kurwa na Doto kama mapacha wengine wote, ila Doto liliitwa kwa upole, na Kurwa liliitwa mtu akitaka kutumwa.

Alikuwa mtoto mchangamfu na mchafu. Kwenye karatasi wifi ameandika "mtundu". Alikuwa mchafu. Baba akirudi na makopo yake ya rangi, lazima Doto ayaguse, na akiyagusa lazima yamwagike. Siku moja alimwaga rangi ya mafuta ya buluu sebuleni, toka mlangoni mpaka chini ya cherehani. Nikasema moyoni, leo ni leo. Mama akatoka, akaitazama ile bahari, akamtazama mtoto wake aliyekuwa wa buluu hadi kwenye nyusi, akasema, "Mwacheni, anajifunza." Wiki hiyo hiyo mimi nikadondosha tone moja kizingitini. Tone! Nikapigwa kofi lililonikalisha chini. "Wewe ni mkubwa," mama akaniambia. Mkubwa kwa muda ambao maji ya chai hayajachemka!

Alianza masomo mwaka 1962 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1968. Tulifaulu wote wawili kwenda sekondari, lakini uwezo wa nyumbani ulikuwa wa mtoto mmoja. Baba akatuita jikoni. Mimi nilikaa mbele, maana alama zangu zilikuwa juu ya zake, na mliosoma naye mpo hapa, bisheni. Baba akasema, "Kurwa mkono wake umetulia. Huyo namchukua kazini. Huyu mwingine nikimchukua nitafukuzwa kila nyumba. Huyu aende shule." Ndivyo nilivyokosa shule kwa kosa la kujua kazi, naye akasomeshwa kwa sifa ya kumwaga. Alimaliza sekondari mwaka 1972, akaingia chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa mitambo, akahitimu mwaka 1975. Siku ya mahafali yake nilivaa gauni alilonishonea mama, nikapiga makofi, na roho ilikuwa ikiniuma mpaka kwenye meno.

Sasa hapa ndipo wifi alipokata, na hapa ndipo penyewe. Likizo ya mwaka 1974 Doto alikuja kunishikia ngazi nilipokuwa napaka nyumba ya daktari wa meno. Ninyi mafundi mnajua tabu ya kopo la zamani. Ukingo wake ni wa mviringo, kwa hiyo ukimimina, rangi haikatiki. Inajikunja na kushuka ubavuni, inachafua mkono, inachafua sakafu. Na ule mfereji wa kukalia mfuniko unajaa rangi, inakauka, mfuniko unaganda, ukiugonga unakurushia usoni. Mimi nilikuwa na dawa yangu. Nilikata kipande cha bati kutoka kopo la maziwa ya unga, nikakikunja kikawa na mdomo mkali, nikakibana ukingoni. Halafu nikautoboa ule mfereji kwa msumari, rangi irudi yenyewe ndani. Nikawa namimina, na rangi inakatika kama uzi uliopigwa mkasi. Doto akaniuliza kutoka chini, "Kurwa, mbona ya kwako haidondoki?" Nikamjibu, "Macho unayo." Kweli alikuwa nayo. Aliyatumia.

Mwaka 1976 aliajiriwa na kiwanda cha makopo, idara ya usanifu, na hakukihama mpaka alipostaafu. Mwaka 1987 kiwanda kikatoa lile kopo mnalolijua nyote, lenye mdomo mkali unaochomoza nje, mfereji wenye mteremko wa kurudisha rangi ndani, ubapa wa kupangusia brashi, na mfuniko wa kusokota. Walilizindua mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Doto akapanda jukwaani na shati jeupe, jeupe pe, akamimina rangi nyekundu kutoka kopo hadi kopo, tena na tena, na shati likabaki vile vile. Watu walishangilia! Yule Doto wa buluu hadi kwenye nyusi! Siku hiyo ndiyo akapewa jina la Bwana Kopo. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na ovaroli langu la kazi. Mwenye duka akanigusa bega akaniambia, "Dada, chukua na wewe moja. Hata wewe hutachafua tena." Hata mimi! Fundi niliyekuwa naitwa nyumba za watu wenye mazulia kwa sababu moja tu, kwamba sidondoshi! Kuanzia siku ile kila mtoto aliyeshika brashi jana akawa hadondoshi. Sifa yangu ya miaka yote ikawa inauzwa dukani pamoja na rangi.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bati langu lilikuwa halimalizi wiki kabla ya kushika kutu, na kopo langu lenye matundu mfuniko wake ulikuwa haubani sawasawa, hivyo rangi ya juu iliota ngozi. Yeye alikaa na shida hiyo miaka. Alichonga midomo ya mbao, ya bati, ya plastiki, akaitupa, akachonga tena. Wifi atawaambia bafu lao lilikuwa na rangi gani siku hizo. Mimi nisingekuwa na subira hiyo. Hili nimelisema mara moja, na silirudii.

Marehemu alifunga ndoa mwaka 1981 na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye wifi yangu huyu. Nani aliyewakutanisha? Mimi. Nilikuwa napaka nyumba ya wazazi wake, Doto akaniletea msasa, binti akamletea maji ya kunywa, na mimi niliyekuwa juani tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza kama nina kiu. Nilikwenda kupaka nyumba nikarudi bila pacha. Walijaliwa watoto watatu, wakaishi kwa kuheshimiana, na katika miaka yote hiyo sikusikia sauti imepanda kwao ila yangu.

Maana nilikuwa naenda, sikatai. Tangu lile kopo litoke, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilivaa viatu nikaenda kwa Doto kudai haki yangu. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka aseme kwa kinywa chake, na watu wasikie, kwamba ule mdomo ulianzia kwenye mkono wangu. "Sema, Doto." Naye ananivutia kiti. "Kunywa chai kwanza, Kurwa." "Sitaki chai, nataka useme." "Chai inapoa." Ninakunywa. Tunagombana mpaka jua linatua, ananisindikiza hadi kona, na wiki inayofuata tunaanza upya. Mume wangu, fundi bomba, alikuwa akiniambia, "Mke wangu, huyo hasemi, utajichosha bure." Nikamwambia, hasemi leo, atasema kesho. Yeye akatangulia mbele ya haki bila kumsikia akisema, na mama pia.

Mwishoni mwa mwaka 2020 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni ugonjwa wa neva, unaweza kutulizwa lakini haurudi nyuma. Aliacha kuchora, kisha akaacha kufunga vifungo, kisha miguu ikakataa. Mwezi Mei mwaka 2023 alilazwa. Mke wake hakubanduka kitandani pake, wala watoto, na kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wote.

Siku moja mchana wifi alikwenda kufuata dawa, nikabaki namnywesha maziwa. Hakuweza kushika kikombe. Maziwa yakamtiririka kidevuni, yakaingia shingoni, yakalowesha shuka. Akanitazama.

"Cheka basi," akasema.

"Sicheki."

"Unacheka moyoni."

"Kidogo," nikamwambia.

Tukacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Nikampangusa. Muuguzi alipoondoka, nikaona ni hapa hapa. Mgonjwa au mzima, haki ni haki.

"Doto, sema. Ule mdomo wa kopo ulitoka wapi?"

"Kwako."

Basi. Neno moja. Mimi nilikuwa nimejipanga kubishana hadi watufukuze.

"Sasa miaka yote hii kwa nini hukusema? Kiwandani hukusema, jukwaani hukusema, hata mama amekufa hajui!"

Akakusanya pumzi. "Ningesema, ungeridhika."

"Ndiyo, ningeridhika! Kuna ubaya gani?"

"Ungeridhika ungekaa kwako. Kurwa, wewe tangu kila mmoja wetu apate mwenzake hujawahi kuja kwangu kunisalimia. Ulikuja kunidai. Nikaona bora nidaiwe."

Nilitamani kumpiga kwa mto. Nilimwambia yeye ni mtu mbaya, akasema anajua, akaomba maziwa mengine. Hakuna aliyesikia maneno yale isipokuwa mimi. Najua hapa wifi atakohoa, na jamaa wa kiwandani watatazamana. Mkiniamini, sawa, msiponiamini, shauri yenu. Nilitoka wodini nimepata nilichokitaka, na nina hasira kuliko nilivyoingia, kwa sababu hata katika kupenda aligundua njia yake mwenyewe, na mimi niliyemtangulia duniani sikuwa nimeijua.

Marehemu alifariki dunia Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alikuwa ameshikwa mkono na mke wake. Mimi nilikuwa kazini. Wifi, sikulaumu, ni haki yako, ila ningependa ujue kwamba kwa hilo pia nakuonea wivu. Mtu niliyekuja naye ameondoka nikiwa juu ya ngazi, naye hakuningoja.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nilingoja sana, lakini sikusema ashuke mpaka huku.

Ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kopo lake katika kila duka la rangi, na Kurwa mmoja asiye na Doto. Watu wananipa pole kwa kunitajia jina lake, "Pole, pacha wa Bwana Kopo," na mimi niliyechukia kuitwa hivyo toka mwaka ule wa uzinduzi, juzi nimejikuta nakaa pale nilipo makusudi ili nisikie likitajwa tena. Jana ilikuwa Jumapili. Nilikula mchana, nikavaa viatu, nikatoka. Nilifika kwenye ile kona ndipo nikakumbuka kwamba hayupo wa kunivutia kiti. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwonea wivu, na ndiye huyu tunayemfukia.

Kwa hiyo sikia, Doto, na hawa wote ni mashahidi. Lile neno moja la wodini halikutosha. Sijaridhika. Nimekwishapajua unapolala, na njia ya kufika hapa haina kilima. Lala kwa amani, ndugu yangu, mpaka Jumapili.